Hata Chai Hajapewa

Nimeishi Connemara, magharibi mwa Ireland, maisha yangu yote na nimeona ya kustaajabisha, hata nyangumi amekwama ufukweni. Lakini mwili haukunisisimka kama jioni ile jikoni kwa Sabina Hession.

Sabina ni jirani yangu, mjane. Serikali humwongezea fedha kidogo juu ya pensheni kwa sababu anaishi peke yake, na ndizo zinazomnunulia makaa wakati wa baridi. Zikikatwa, alishasema, atafunga nyumba amfuate mwanawe Boston. Basi mtu mmoja asiye na haya akaandika ofisini: kwa mjane huyo kuna mwanamume, huingia giza likiingia, hutoka alfajiri. Ningemjua, ningemmwagia maji ya viazi.

Mkaguzi akaja, kijana aitwaye Treacy, na viatu visivyoyajua matope yetu. Sabina akaniomba nikae naye.

"Mama Hession, nani analala hapa?"

"Muulize mwenyewe. Anakuja sasa hivi."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Festus Mannion akaingia na mbwa wake, amelowa chapachapa, akaketi kando ya moto. Hakumsalimu mwenye nyumba, wala mwenye nyumba hakumsalimu yeye. Sababu kijiji kizima tunaijua: Festus na marehemu Coleman, mumewe Sabina, walipelekana mahakamani kwa kipande cha ardhi tunakochimba udongo mweusi, ule tunaoukausha na kuuwasha kama kuni. Tangu hapo Sabina na Festus hawasemezani.

"Mzee, unaishi hapa?" Treacy akauliza.

"Mimi? Nina nyumba yangu kule juu ya kilima, na paa lake halivuji kama hili."

"Sasa kila usiku unafuata nini?"

Festus akamkuna mbwa masikio. "Mwaka aliozikwa Coleman, wezi waliwavamia wazee wa huku. Mzee Darby walimfunga kamba. Huyu mama akawa halali, taa inawaka mpaka asubuhi, naiona kutoka kwangu. Nikaja. Niligombana na mumewe juu ya udongo. Sikugombana na usingizi wake."

"Ni miaka sita," Sabina akasema, akimtazama mkaguzi tu.

Treacy akakohoa. Anayekuja usiku tu kwa ajili ya hofu, akaeleza, sheria haimhesabu. Lakini akila hapo, wakishirikiana matumizi, nyumba si ya mtu mmoja tena. "Kwa hiyo niambie kweli, mzee. Unakula hapa?"

Festus akacheka mpaka mbwa akashtuka. "Kula? Bwana mdogo, miaka sita, hata chai sijapewa!"

Kwetu hata mtoza ushuru hupewa chai. Uso wa Sabina ukaiva kwa aibu.

"Ni kweli," akasema. "Hata maji."

Nikamwangalia yule mzee, maji yanamchuruzika kwenye kofia. Miaka sita ya mvua yetu, ile inayopiga kwa ubavu, ameshuka kilima kumlinda mtu asiyempa hata salamu! Na kumbe huko serikalini, Dublin, kuna mtu aliyekaa mezani akaiwaza hofu ya mjane, akaiachia nafasi ndani ya sheria. Sikujua nistaajabie lipi kwanza. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Treacy akafunga mkoba wake. "Mama, nyongeza yako iko palepale." Mlangoni akasita. "Na kikombe kimoja cha chai si kuishi pamoja."

Gari lake lilipoondoka, Sabina akaweka birika motoni. Akashusha kabatini kikombe cha buluu, kile cha Coleman.

"Kiache," Festus akasema, macho kwenye moto. "Watakukatia pesa ya makaa."

"Nyamaza, punda wewe." Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu ile kesi. "Sukari ngapi?"

Festus akavua kofia yake iliyolowa. Nikamjibia mimi: mbili.