Mashine ya Kahawa ya Mzee Eliezeri

Mzee Eliezeri alikuwa na miaka themanini na minne, na tangu mwaka jana akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Kila asubuhi alitoka nje ya nyumba yake pale Vudee mlimani, akaondoa turubai lililofunika mashine ya kumenyea kahawa, akajaribu kuuzungusha mkono wake wa chuma. Haukuzunguka. Ndipo alipomwita mwanawe Benson na kumwuliza ataitengeneza lini, maana kahawa imeiva.

Kahawa yenyewe haikuwepo. Benson aliing'oa mibuni yote miaka minne iliyopita, mwaka aliofariki mama yake, akapanda maharage.

"Nitaitengeneza, baba," alijibu kila siku. Mwishowe alichoka. Akampigia simu dada yake Honorata, mwenye duka la vitambaa mjini Same, akamwambia kuna mnunuzi wa chuma chakavu anayepita kila Jumamosi.

"Akiona haipo atasahau," Benson alisema.

"Usiiuze. Iteremshe kesho na gari la asubuhi, nitaipeleka kwa fundi."

Honorata aliikumbuka mashine ile ikifanya kazi. Mama alimimina kahawa mbivu kwa juu, baba alizungusha, wao watoto wakaosha buni kwenye pipa lililokatwa. Mikono iliteleza na kunuka uchachu hata Jumapili kanisani. Ada zao zote za shule zilitoka mle.

Abubakari, fundi wa kuchomelea, aliifungua kwa nyundo na mafuta, akaitazama ndani.

"Dada, mkono utazunguka, beringi nitapata. Ila hii ngoma iliyovikwa shaba ndiyo inayomenya, na vinundu vyake vimelika vyote. Ukitia kahawa itaiponda tu. Shaba ya namna hii sijaiona dukani miaka mingi. Mimi ningeiacha."

"Izunguke tu," alisema Honorata. "Mwenyewe hana kahawa."

Abubakari aliichukua tena nyundo yake.

Ijumaa Honorata alipanda nayo mlimani. Mzee alikuwa amekaa uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeileta?"

Walipoishusha aliushika mkono, akazungusha. Ukazunguka. Mzee alicheka kwa sauti, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwake siku nyingi. Siku ile na kesho yake hakutoka pale, akizungusha mashine tupu, akipumzika, akizungusha tena. Honorata alipika akimsikia, akajiambia kwamba amefanya vyema.

Jumapili baada ya ibada alikuja jirani yao, mama Faustina, na ndoo kichwani. Alikuwa ameisikia mashine ikilia, akamchumia mzee kahawa kwenye miche michache iliyobaki kwake. Nia yake ilikuwa njema. Honorata aliinuka haraka ili aipokee ndoo na kuiingiza ndani, lakini baba yake alikuwa ameshaiona.

"Lete hapa," alisema.

Alimimina kahawa kwa mkono mmoja, akazungusha kwa mwingine. Kilichotoka chini kilikuwa rojo jekundu, maganda na buni zilizopasukapasuka. Mzee alisimama. Alichota rojo lile, akalitandaza kiganjani, akalitazama.

"Shaba imekwisha hii," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua analolisema. Hawakuwa wameisikia tangu mwaka jana. Kisha akatazama shamba chini ya nyumba. "Na mibuni iko wapi?"

Benson aliinamisha kichwa. Honorata ndiye aliyejibu.

"Iling'olewa, baba. Ilikuwa imezeeka."

"Mama yenu aliruhusu?"

"Mama alikuwa ameshafariki."

"Lini?"

"Mwaka wa nne huu. Ulikuwepo, baba. Wewe ndiye uliyetangulia kutia udongo."

Mzee alikaa kwenye kigoda. Mama Faustina aliichukua ndoo yake taratibu, akaondoka bila kuaga.

"Kila siku nawauliza," alisema mzee, "nanyi mnaniambia itatengenezwa."

"Ndiyo, baba," alisema Benson.

"Mpeni mtu wa vyuma."

Honorata alifunga duka wiki nzima, akabaki nyumbani kwa baba yao. Alidhani siku itakayofuata mzee atakuwa amesahau, atauliza tena, naye atamjibu kwa upole. Mzee hakuuliza. Alitoka nje jua likiwa juu, akaegemea ukuta, na alipoulizwa kama uji una sukari ya kutosha alisema inatosha, ingawa hakuwa ameuonja.

Jumamosi mnunuzi alifika. Aliing'oa shaba kwanza kwa mtaimbo, palepale uani, kwa kuwa ina bei yake, kisha akapakia chuma kilichobaki. Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa wazi. Alisikia yote, hakutoka.

Jumapili Benson alimsindikiza dada yake barabarani, amembebea mkoba.

"Ningeiuza ile wiki niliyokupigia," alisema, "ungeninunia mwaka mzima. Lakini baba angekuwa bado anatusemesha."

Gari lilipofika Honorata alipanda, akakaa upande wa bondeni, na hakugeuka kumpungia mkono.