Samaki wa Mvua ya Pili

Binti yangu aliponiambia kwamba anasomea samaki wa dimbwi lililo nyuma ya tanuru langu, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Miaka ishirini na sita nafyatua matofali kwa udongo wa dimbwi lile. Kila kiangazi linakauka mpaka unaweza kucheza mpira katikati, na sijawahi kukuta hata mwiba.

"Cheka tu, Baba," alisema. "Ukimaliza nitakueleza."

Akanieleza. Mvua ikijaza dimbwi, samaki huanguliwa upesi, na baada ya wiki chache wameshakuwa wakubwa, madume mekundu mkiani, na majike wanataga ndani ya tope. Dimbwi likikauka, wote wanakufa. Hubaki mayai, madogo kuliko punje ya ulezi, yamelala udongoni miezi na miezi yakingoja maji. Nilitazama kuta za nyumba yetu, nilizozijenga kwa udongo uleule, nikaacha kucheka.

Mwaka uliofuata eneo lile lilitakiwa kuwa yadi ya malori. Siku mbili kabla tingatinga halijaja kufukia, binti yangu alinipigia simu kutoka chuoni.

"Baba, nichimbie udongo wa katikati. Samaki hawa hawajaonekana dimbwi lingine lolote."

Nilichimba ndoo nane, nikazifunika kwa magunia ndani ya banda langu. Aliniambia udongo usilowe wala usikauke kabisa. Hilo halikuhitaji shule. Udongo wa tofali unaubana kiganjani: ukitoa maji, haufai, ukimomonyoka, umekufa, ukishika alama za vidole na kutulia, umekaa sawa. Kila Ijumaa, kwa miezi mitano, nilibana konzi moja kutoka kila ndoo. Iliyoanza kukauka niliinyunyizia maji kwa vidole, kama mtu anayepiga pasi.

Siku ya kuumwagia maji nilikwenda naye chuoni. Chumba chao kilikuwa na rafu za chuma na beseni nyeupe za plastiki. Mwalimu wake, bwana mmoja mrefu mwenye miwani, alisimama mlangoni na saa yake mkononi. Tulimwaga udongo wote, tukajaza maji, tukangoja.

Walitoka samaki watatu, matumbo yamepinda. Kesho yake walikuwa wamekufa.

"Pole," mwalimu alimwambia binti yangu. "Mwaga huo udongo. Rafu ina wenyewe wanaoisubiri, na wewe tafuta somo lingine."

Nilitaka kumjibu, maana mimi ulimi wangu hauna breki. Binti yangu aliniwahi.

"Mwalimu, mvua ya kwanza hudanganya. Inanyesha siku mbili, jua linarudi, na waliotoka wote wanaisha. Mayai yote yakiamka pamoja, ukoo umekwisha. Ndiyo maana mengine hukataa kuamka."

"Una ushahidi kwamba haya yamekataa? Pengine yameoza."

"Ushahidi sina. Udongo ninao."

Mwalimu alimpa wiki sita. Hakuongeza hata siku.

Tulichuja maji, tukaurudisha udongo kwenye ndoo zangu, nikarudi nao bandani ukapate kiangazi kingine kabla ya mvua ya pili. Wiki ya pili udongo ulianza kupasuka juu, nikaugeuza. Wiki ya nne ulikuwa unanuka uvundo kidogo, nikaacha banda wazi upepo upite. Mke wangu aliniambia sijawahi kumwangalia yeye hivyo. Nilimwambia yeye hajawahi kufukuzwa na tingatinga. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Samaki wengine watapatikana popote, lakini hawa wakifa mikononi mwangu ndio basi, na mwanangu atabeba aibu iliyotoka kwenye ndoo zangu.

Wiki ya sita ilipokwisha nilizirudisha ndoo chuoni, tukamwaga maji tena asubuhi, beseni ya kwanza mpaka ya nane. Saa sita mchana binti yangu aliinama juu ya beseni. Nikainama naye. Vitu vyembamba kama kope vilikuwa vinakimbia chini ya maji, vimenyooka, vina haraka kama wenye safari.

Alihesabu arobaini na mmoja. Mwalimu alihesabu mwenyewe, akapata arobaini na watatu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilikosea," alisema, na kwa hilo nilimheshimu. "Lakini wiki sita bila udongo kuoza wala kukauka? Unyevu mliupima kwa kifaa gani?"

Binti yangu aliushika mkono wangu wa kulia, huu wenye nyufa na kucha zilizojaa udongo, ambao tangu aanze chuo nilikuwa nauficha mfukoni mbele ya walimu wake. Akaufungua kiganja juu, karibu kabisa na ile miwani.

"Hiki hapa," alisema.

Mwalimu alichukua kalamu akaniuliza jina langu, aliandike kwenye daftari la beseni. Nilimwambia aandike na kazi yangu pia: mfyatua matofali.