Mikoko ya Kupigia Picha

Kampuni ya saruji iliapa kuacha makaa ya mawe. Kwenye karatasi hakuna kampuni mbaya: moshi ungepungua polepole, na uliobaki ungemezwa na mikoko iliyopandwa Gazi. Twaiba alitumwa na wawekezaji aangalie kama mpango huo unaaminika. Akisema ndiyo, kampuni ingeruhusiwa kuwasha tanuru la pili. Hakuwaambia kuwa kiongozi wa kina mama waliopanda ni Zainabu, mama yake mdogo, aliyemlea.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, chakula kiko tayari."

Kwanza walikwenda ufukoni. Maji yalikuwa yamekupwa. Miche ilijipanga mchangani mbele ya bahari wazi, mahali ambapo mkoko haujapata kuota. Fondo, meneja wa kampuni, ndiye aliyepachagua, kwa kuwa panapendeza pichani. Twaiba aliuvuta mche mmoja. Ulitoka bila mzizi, umekatwa kwa panga asubuhi ile. Wa pili, vilevile.

Zainabu alikuwa kando yake, leso mdomoni. Miche ya kweli ilikuwa imekufa zamani, na kwa desturi ya Gazi, mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba; kina mama walikuwa wamechomeka matawi.

"Imeshika?" Fondo aliuliza kwa mbali.

Twaiba aliuchomeka mche mahali pake. "Imeshika."

"Mungu akusitiri kama ulivyonisitiri," mama mdogo alinong'ona. Twaiba aliona haya hata kumtazama, maana alijua kuwa hasa amemsitiri Fondo.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Fondo ilikuwa na lami mpaka kiwandani. Wali wa nazi haujaisha, akapiga simu: mikoko imepita, tanuru la pili liwashwe.

Twaiba akanawa mikono kabla hajashiba.

"Mikoko imekufa," alisema. "Yale ni matawi. Na mpango wenu hauna kingine cha kuaminika ndani yake."

Fondo akawageukia wenyeji. "Kumbe kina mama mmetudanganya!"

"Nyinyi ndio mliowaambia wapande mchangani. Nitaandika hivyo."

Hakuna mwanamke aliyeinua uso. Twaiba alikuwa amesema kweli, na bado alitamani ardhi ipasuke immeze.

Zainabu alimsindikiza hadi garini kwa adabu zote, akampa mkono huku akitazama pembeni.

"Ahsante kwa kuja," alisema. "Karibu tena, mgeni."