Magoti ya Tekla

Kulipokucha tu, kabla jirani hajatoa hata jiko nje kuwasha mkaa, Tekla alikuwa amekwishapiga magoti uani. Magoti hasa, yote mawili mchangani, mikono imetulia mapajani, macho chini, anamwamkia mama mkwe wake. Na haondoki. Kwao Bukoba mtu akimwamkia mkubwa hainuki mpaka aitikiwe, na Tekla angeweza kukaa pale hadi jua la utosi. Kwa hiyo Bi Hamisa kila asubuhi aliitikia mbio mbio, uso kaugeuzia bandani kana kwamba kuna kuku anafanya uharibifu. "Marahaba, marahaba, inuka basi, mchanga huo."

Mchanga ulisingiziwa tu. Mtaa mzima wa Temeke ulijua kwamba Bi Hamisa kapata mkamwana wa Kihaya anayemwamkia kama malkia, na wengine walipita pale alfajiri makusudi, eti wanatafuta moto, ili waone. Wanawake wenye wakamwana wakorofi walimwonea kijicho. Wangejua magoti yale yalivyokuwa yakimchoma, wangekwenda zao kimya kimya.

Maana Bi Hamisa alikuwa na magoti mengine kichwani. Magoti ya mama yake, meusi, magumu, yenye nyufa, ambayo yeye utotoni aliyapaka mafuta ya nazi kila usiku wala yasilainike. Siku moja tu, basi, mama alimweleza yalikotoka. Alikuwa mjakazi katika kasri la masultani kule Unguja. Alilala jikoni, ubavuni mwa mafiga, na chakula alikipeleka ghorofani kwa mabibi akakiandaa kwa magoti, na kwa magoti akasubiri mpaka wanawe mikono. Ulipokwisha utumwa alivukia bara na mwanamume wa Kizaramo aliyempenda, na tangu hapo hakumpigia mtu goti, ila Mungu wake katika sala.

Mama alipofariki, Bi Hamisa alimzika pamoja na maneno yale. Watu walipouliza asili yake alijibu, "Mama alikulia kasrini," akanyamaza. Hapo hapakuwa na uongo. Ni watu wenyewe walioongeza ghorofa, hariri na manukato, naye akawaacha waongeze. Aliyeongeza kuliko wote alikuwa mwanawe wa pekee, Mwishehe, dereva wa lori la serikali, ambaye toka shuleni alijigamba kwamba bibi yake alikuwa mtu wa masultani.

Na huyo Mwishehe ndiye aliyetumwa safari ya Bukoba akarudi na Tekla. Bi Hamisa alinuna wiki nzima, kisha akashindwa. Binti alijifunza kukuna nazi mpaka akamzidi. Rozari yake aliitundika ukutani karibu na tasbihi ya mkwewe, zikakaa pamoja bila ugomvi. Alikuwa akicheka peke yake akiosha vyombo. Bi Hamisa alimpenda, tena sana, alitamani amkumbatie kama binti wa tumboni mwake. Lakini kila kulipokucha yalikuja yale magoti, na moyo ukarudi nyuma.

Mwaka ule Mwishehe alipata likizo ya Idi, akaja na furaha yake. Alikuwa amekwishakata tikiti za meli. "Nakupeleka kwenu, mama," alisema. "Ukaone kasri la bibi kabla halijaanguka lote." Bi Hamisa akaleta habari za miguu. Akaleta habari za kuku. Akaleta mpaka habari za mvua, na mbingu ilikuwa nyeupe pe. Hakusikilizwa. Tekla alikuwa amekwishampigia pasi doti yake bora ya khanga.

Basi wakavuka. Tekla, aliyejisifu kwamba kazaliwa kando ya ziwa na maji anayajua, alitapika toka bandarini mpaka Unguja, na Bi Hamisa akampakata kichwa njia nzima huku akimpepea kwa ncha ya ushungi. Kwa saa zile alisahau kabisa wanakokwenda.

Kasri lilikuwa nje ya mji, na siku ile ya sikukuu watu walikuwa wengi, wamevaa vipya vyao. Paa lilikuwa limeshaporomoka. Nguzo zilisimama zenyewe, nene, zimeota nyasi vichwani. Lakini bustani, loo, bustani ilikataa kufa! Milangilangi ilikuwa imechanua na harufu yake ikatanda kila mahali, mishokishoki imejaa, na katika birika la mabibi yungiyungi zilielea juu ya maji ya kijani. Bi Hamisa alitazama uzuri ule akaona uchungu, kwa sababu mama yake hakuwahi kuutaja hata siku moja.

Langoni Tekla alivua viatu akavishika mkononi. Kwao, alieleza, uwanja wa mfalme haukanyagwi na viatu. Mwishehe alimcheka kwa mapenzi, akamwambia mfalme mwenyewe hayupo na miba ipo. Tekla hakuvivaa.

Msimamizi, mzee mchangamfu mwenye tarbushi, aliwaonyesha ngazi, hamamu na mahali palipokuwa na vioo. Mwishehe kila mara aligeuka: labda bibi alikaa hapa, eh, mama? Labda dirisha lile? Bi Hamisa alitikisa kichwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala siyo. Aliomba moyoni waishie upande huo wa mbele, warudi bandarini, na siri yake irudi nayo salama.

Ndipo walipomkosa Tekla.

Walimkuta nyuma, penye kijumba kifupi kisicho na paa, kuta zake nyeusi kwa masizi. Mafiga yalikuwa bado yamejipanga chini. Na mbele ya mafiga, Tekla kapiga magoti, anaamkia kwa Kihaya, polepole, sauti ya chini. Kundi la watu wa mjini lililokuwa likipita likasimama kutazama. Wakaanza kucheka.

"Hapo jikoni, binti," msimamizi akasema, naye akicheka. "Hapo wakilala wajakazi. Wenye enzi ni kule juu."

Tekla akageuka, uso umemwiva kwa aibu. Kwao, alimwambia mkwewe kwa kubabaika, nyumba ya mfalme hujulikana kwa moto. Moto wake hauzimwi maadamu mfalme yu hai. Ameitafuta nyumba yenye moto, akaona masizi haya, akajua ndiyo. Akaanza kujikung'uta vumbi ainuke.

"Twende, mke wangu," Mwishehe akamwambia kwa upole. "Bibi hakuwa huku."

Bi Hamisa aliona njia iko wazi. Hakutakiwa kusema kitu. Wangecheka, wangeondoka, wangekunywa maji ya madafu mjini, na Tekla angebaki ndiye mshamba aliyeamkia jiko. Akamtazama binti yule, miguu mitupu, anatafuta kiatu chake kimoja kwa macho yaliyojaa machozi. Akamwekea mkono begani.

"Usiinuke," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo hata wale wa mjini waliisikia: "Mama yangu alilala hapa."

Kicheko kilikatika. Msimamizi alivua tarbushi, akaanza kuwasogeza watu waendelee na njia yao. Mwishehe alimtazama mama yake, akayatazama mafiga, na Bi Hamisa akaiona ghorofa yote ikiporomoka machoni mwa mwanawe. Alimngoja. Mwishehe aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, akavivua.

"Basi sikukosea, mama," alisema Tekla.

"Hukukosea."

"Jina lake nani?"

Jina hilo Bi Hamisa hakuwahi kulitamka Temeke, maana mtu wa pwani akilisikia tu hujua ni jina la mtumwa, la kupewa na bwana wake. "Zafarani," alisema.

Tekla akayageukia mafiga, akatuliza mikono mapajani. "Shikamoo, Bibi Zafarani."

Milangilangi ilinukia. Hapakuwa na wa kuitikia, na Tekla alikaa vile vile, macho chini, anangoja, kama alivyozoea kungoja uani. Bi Hamisa akazivua ndara zake. Akajishusha taratibu kwenye yale majivu ya zamani, goti moja, kisha la pili, ubavu kwa ubavu na mkamwana wake, akamgeukia usoni, na safari hii hakuharakisha.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia. "Marahaba."