Picha Moja ya Paskazia

Raymundi, karani wa reli pale Tabora, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kupiga picha. Wenzake walimalizia senti zao kilabuni, yeye alizimalizia kwenye filamu na dawa za kuagiza Ulaya. Mkewe Eustadia alimwita mwendawazimu mpole, akamwachia stoo awe na pa kufanyia uwendawazimu wake.

Kisha vita vya Hitla vikaziba bahari. Mwezi wa tano homa ya uti wa mgongo ikamchukua binti yao wa pekee, Paskazia, wa miaka minne. Wiki mbili kabla, Raymundi alikuwa amempiga picha uani, moja tu, ya mwisho katika filamu. Filamu hiyo ikakaa miezi saba ndani ya kopo bila kusafishwa, maana dawa hazikuwepo. Meli ya kwanza iliyobeba dawa alizoagiza ilizamishwa. Ya pili ilizunguka kusini mwa Afrika, na kifurushi kilipofika, ushuru ulikuwa umepanda maradufu kwa kuwa vitu vya picha vilihesabiwa ni anasa. Anasa, jamani! Raymundi aliuza baiskeli akalipa.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na dawa ya kwanza tu, ile inayoitoa picha. Ya pili, inayoizuia isiungue kwa mwanga, haikuja, wala karatasi za kuchapia. Zilikuwa zikingoja meli nyingine.

"Na sisi tungoje," alisema Raymundi.

"Kaburini anaoza, baba Paskazia. Na humo koponi unataka aoze?"

Joto la Tabora huharibu filamu, na Raymundi alilijua hilo. Alikumbuka kusoma mahali kwamba chumvi kali hufanya kazi ya dawa ya pili, ila polepole: siku mbili gizani. Basi akanunua chumvi ya Uvinza, akaikoroga mpaka maji yakakataa kuimeza.

Jumamosi mchana wakaziba nyufa zote za stoo kwa mablanketi, akawasha taa yake yenye kioo chekundu. Aliipitisha filamu kwenye dawa, huku na huku, akihesabu dakika.

"Inatoka!" alisema.

Eustadia akainama. Mara akarudi nyuma.

"Huyu nani? Nywele nyeupe, uso mweupe pe, meno meusi! Umenizeeshea mtoto!"

"Filamu huonyesha kinyume, mama Paskazia. Karatasi zikifika zitamrudisha sawasawa."

"Zitafika lini?"

Aliilaza filamu kwenye chumvi, akaifunika kwa sufuria. "Usifunue mpaka Jumatatu."

Jumapili alikuwa na zamu stesheni. Aliporudi adhuhuri alimkuta mkewe ameketi katikati ya ua, filamu imetandikwa mapajani, juu ya kanga. Yote ilikuwa imegeuka rangi ya ini. Hapakuwa na mtoto wala kizee.

"Nilimweka juani arudi kuwa mtoto," Eustadia alisema. "Nilidhani giza ndilo lililomharibu."

Hasira zilimpanda Raymundi. Akatafuta neno la kumtukana, akalikosa. Akakaa mavumbini kando yake, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, na majirani wakasikia.

Eustadia alimngoja amalize.

"Mimi nilimwona kizee," alisema. "Wewe umezoea kuzisoma hizi. Nieleze, alikuwaje? Alikuwa anacheka?"

Raymundi akafumba macho amtafute. Akaiona sahani ya dawa. Akaziona pembe za filamu, akazikumbuka dakika alizohesabu, na furaha iliyomjaa kuona dawa inafanya kazi. Akarudi nyuma zaidi, mpaka siku ile ya kupiga, pale pale uani. Hata siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye kidirisha cha kamera, yakihangaikia kivuli cha paa, na aliona haya kulikumbuka hilo.

"Baba Paskazia, alikuwa anacheka?"

"Sikumtazama," alisema.