Mawazo Yaliyoachwa Miburani

Kila siku saa mbili asubuhi, wageni wa Kambi ya Utulivu pale Miburani, jirani na Bwejuu, wakishakwenda kunywa chai ya mchaichai, Bi Kidawa huingia bandani na fagio lake la chelewa kufagia mawazo.

Huwa yametapakaa kwenye majamvi, mabichi, mazito kama makumbi ya nazi yaliyotolewa kwenye tope. Wageni huyaacha hapo kwa maelekezo ya Mwalimu Isdory, aliyekuwa wakala wa bima huko bara kabla ya kuijua kweli. Buddha alihangaika miaka sita ndipo akaamka. Isdory alitumia siku kumi na moja huko ng'ambo, mbili kati ya hizo akiharisha. Alirudi na shuka la manjano, sauti ya puani, na uhakika kwamba Buddha, masufi na watawa wa jangwani walisema jambo moja, ambalo kwa bahati njema linaenea kwenye kipeperushi.

"Usilishike wazo," huwaambia wageni waliofumba macho. "Liache lishuke."

Nayo hushuka. Husikika yakidondoka, pu, pu, mpaka kengele ilie. Wageni huinuka wepesi, wakakumbatiana, na hakuna anayetazama nyuma. Watu wa namna hii hata sahani hawajawahi kuisuuza.

Mawazo yenyewe ni ya aibu. Hayazoleki bila kuguswa, na yakiguswa huingia. Wiki ya kwanza Bi Kidawa alijikuta akimchukia wifi asiyemjua, akihofia kipara, akimwonea wivu jirani mwenye bwawa la kuogelea. Aliyamwaga baharini, maji yakajaa yakayarudisha, na wavuvi wa Bwejuu wakashinda siku mbili ufukweni wakiwaza maegesho ya magari. Akayafukia, minazi mitatu ikapukutisha vidaka. Tangu hapo huenda nayo nyumbani, yasimsumbue mwingine.

Hilo angelivumilia. Lakini kila alasiri, baada ya sala, Bi Kidawa huvuta uradi kwa ajili ya Aziza, bintiye aliyefariki kwa uzazi, na humaliza kwa kuisikiliza moyoni sauti yake ikiita kutoka uani: "Mama we!" Sasa kila akifika thelathini kwenye tasbihi, huingia kitambi cha mtu wa Arusha, naye hupotea hesabu, akaanza upya, mpaka magharibi inaadhiniwa. Mwezi mzima Aziza hakupelekewa kitu.

Akamwendea Isdory.

"Mwalimu, mizigo ya wageni wako imenijaa. Uradi wa mwanangu haufiki."

Isdory alimsikiliza akiwa amefumba macho, kama wafanyavyo wasiosikiliza. "Bi Kidawa, mateso yanatokana na kung'ang'ania. Kesho kaa na sisi. Achilia."

"Nikiachilia, nani atafagia?"

"Hilo nalo ni wazo," alisema Isdory.

Kesho yake Bi Kidawa alikaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Alifuata maelekezo kwa uaminifu kuliko wote, kwani amezoea kukaa mbele ya Mungu bila kupigwa picha. Kikaanguka kitu kimoja tu, bila kishindo. Mawazo ya wageni hayakutoka, kwa sababu hayakuwa yake. Kilichotoka ni kile kilichokuwa chake: sauti ya Aziza.

Clotilda, mgeni kutoka Dar es Salaam aliyekaa mbele yake, aliiokota. Machozi yakamtoka. Alisema hajawahi kuguswa namna hiyo. Kuna mtu amemwita mama. Isdory akamwambia ni zawadi ya ukimya, akampiga picha.

"Hiyo yangu," Bi Kidawa alisema. "Ya mwanangu."

Clotilda alimshika mikono kwa upendo mwingi. "Mama, hakuna changu wala chako," alisema, maana somo la tatu alikuwa amelihudhuria. Adhuhuri akapanda ndege nayo.

Wiki ya pili akatuma ujumbe wa shukrani. Isdory alimwendea Bi Kidawa na simu mkononi, akamsomea, akidhani atafurahi. Sauti ile, aliandika Clotilda, bado inamwita kila jioni, na yeye amejifunza kuiacha ipite bila kuiitikia.

Bi Kidawa akainama mpaka midomo ikakaribia simu.

"Naam, mwanangu," akaitika.

Isdory akapangusa kioo kwa pindo la shuka lake, akamkumbusha kwamba bandani kumejaa.