Mlima Nyuma ya Pazia

Wening alikuwa mwalimu mpya wa jiolojia, na wiki ile alikuwa na wenzake kwenye mafunzo katika hoteli moja ya Yogyakarta, mji wa Indonesia ulio karibu na mlima wa volkano. Mkufunzi wao, Pak Darsono (huko "Pak" ni Bwana na "Bu" ni Bibi), alifunga mapazia yote ili picha ya volkano ionekane vizuri ukutani.

Katikati ya somo madirisha yakatetemeka. Wening akachungulia nje.

"Pak, mlima unatoa moshi! Njoo uone!"

"Funga pazia, Bu Wening. Milipuko ni mada ya kesho. Leo tuko kwenye utangulizi."

"Na mlima ukinyamaza kesho je?"

"Tutatazama picha."

Watu wakaangua kicheko. Majivu mepesi yalipoanza kudondoka, Wening akachukua sahani kwenye meza ya chakula, akatoka kuyakinga uani. Wenzake wakamfuata, wakawa wanayasugua vidoleni na kubishana kwa nini yanakwaruza kama vioo vilivyosagwa.

Pak Darsono aliendelea kuvifundisha viti vitupu mpaka umeme ukakatika. Ndipo akatokea mlangoni, amenuna.

"Haya," akasema, "nani ana sahani ya ziada?"